Fulana ya Pweza Niliyoitia Maji

Kosa langu mimi ni kufua nguo.

Chekeni tu. Hata mimi ningesoma hivyo ningecheka. Mtu mzima na kazi yake mjini, anakuja kulia hapa mbele ya watu kwa sababu alifua fulana! Lakini nisikilize mpaka mwisho, halafu uamue kama ukikutana nami utanipa mkono. Mimi mwenyewe nikioga siku hizi, nikifika kwapani, nasikia kinyaa. Kinyaa cha mwili wangu mwenyewe! Na jina langu sitalitaja. Sababu utaiona.

Nilikuwa na rafiki, Wafula, Mungu ailaze roho yake mahali pema. Wafula alikuwa fundi wa simu River Road, kwenye kibanda chembamba ndani ya jengo moja lililojaa wachapishaji wa kadi za harusi. Mimi naingiza data kwenye ofisi moja mtaa wa juu yake. Tulijuana nilipompelekea simu iliyoanguka kwa maji ya ugali. Aliifungua, akainusa, akaniambia, "Buda, hii si simu tena, hii ni uji." Tukacheka, na kuanzia siku hiyo tukawa tunakula lunchi pamoja.

Kilichotuunganisha zaidi ni ujinga mmoja. Kuna kipindi cha vichekesho cha Marekani kinachouzwa kwenye CD hapo mjini, kinamhusu mtaalamu mmoja anayetengeneza setilaiti kwenye gereji ya mama yake na hana mchumba. Sisi tulimbandika jina Wa Mahesabu. Huyo jamaa kila anapotokea amevaa fulana mpya, na kila fulana ina picha ya kisomi: leo atomu, kesho roboti anayepiga pasi, kesho kutwa hesabu ambayo jibu lake ni paka. Wenzetu walikuwa wanaangalia vichekesho. Sisi tulikuwa tunaangalia kifua chake.

Usidhani natania. Tulikuwa tunasimamisha picha, tunasogeza uso mpaka karibu na skrini, tunaichora ile fulana kwenye karatasi, halafu Jumamosi tunaingia mitumbani kuitafuta. Wafula alikuwa na hoja yake. "Wamarekani hawa wanachoka na nguo haraka," alisema. "Leo anavaa, kesho anatupa, mwaka kesho iko ndani ya robota la mitumba soko la Gikomba. Ni kungoja tu, maze." Na kweli tulipata! Tulipata ya roboti. Tulipata ya paka, ingawa ilikuwa saizi ya mtoto. Kule mtandaoni kuna jukwaa la watu wa nchi nyingi wanaofanya wazimu huo huo, wanaweka picha zao na kusema ni fulana ya kipindi gani. Sisi tulikuwa tunaingia saiba, duka la intaneti, kusoma na kumeza mate.

Moja ilitushinda. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, na kifuani kuna pweza aliyevaa miwani akihesabu kwa mikono yake minane. Wa Mahesabu aliivaa mara moja tu, siku aliyojifungia nje ya nyumba. Kwenye lile jukwaa hakuna aliyekuwa nayo. Watu walikuwa wanauliza pweza, pweza, kila siku pweza.

Basi Jumamosi moja tuko soko la Kangemi, mama mmoja amefungua robota. Wanaojua mitumba wanajua nguo za kwanza zinazotoka huitwa kamera, ndizo safi, na watu huzipigania kama chakula cha msaada. Zile za mwisho, zilizokanyagwa, ni fagia. Sisi tulichelewa, tukakuta fagia. Nikawa nachakura bila moyo, na nikaona kipande cha rangi ya chungwa chini kabisa. Nikapiga kelele kabla ya kunyoosha mkono, na hapo ndipo nilipoharibu. Wafula akaingiza mkono.

"Mimi nimeiona kwanza!" nikamwambia.

"Macho haivai nguo, buda. Mkono ndio inavaa."

Tukaivuta, yeye upande huu, mimi upande ule. Mama wa nguo akafoka, "Nyinyi wanaume wazima! Mkipasua mtanilipa wote wawili!" Mimi nikaachilia. Wafula akaivaa hapo hapo juu ya shati, akahesabu mikono ya pweza mbele ya watu, akaona nimenuna kama mtoto aliyenyimwa mandazi.

"Wacha kununa bana. Siku nikikufa utaichukua."

"Umeahidi?"

"Mbele ya huyu mathe wa nguo."

Tulicheka sana. Mama wa nguo hakucheka, alituambia tusiite mauti sokoni kwake. Mimi nilikuwa nacheka huku moyoni nimekasirika, na naomba mjue hivyo, kwa sababu hasira ile haikuisha.

Ulipofika msimu wa baridi, Wafula akaanza kukohoa. Alikuwa anakohoa huku anachomelea simu za watu, moshi wote unamwingia. Nilimwambia aende hospitali, akasema Ijumaa akishamaliza kazi. Ijumaa alipelekwa amebebwa, akiwa ndani ya ile fulana. Nimonia. Wiki haikuisha. Hospitali ilimpa mama yake vitu vyake kwenye karatasi ya nailoni.

Nilipopigiwa simu nililia. Nililia kweli, sikuigiza. Lakini machozi yakiwa bado yanatoka, wazo likapita kichwani: ile fulana iko wapi?

Ptu! Wazo kama hilo unalitema, hulimezi. Mimi nililimeza.

Maziko yalikuwa kwao, magharibi. Sikwenda. Niliwaambia bosi amenikatalia ruhusa. Bosi sikumwuliza. Lakini waliporudi, nikasikia watu wao wa Nairobi watakutana nyumbani kwa mama yake Uthiru, wale walioshindwa kusafiri, waombe pamoja na kugawa nguo za marehemu. Hapo ruhusa nilijipa mwenyewe. Nilifika mapema kuliko binamu zake.

Mama Wafula kazi yake ni kufulia watu. Anakaa chumba cha mwisho kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya barabara kubwa, na ukiingia uani unapita chini ya mashuka ya watu, suruali za watu, nepi za watoto wa watu. Mikono yake imekwajuka kwa sabuni. Yeye na Wafula walikuwa wawili tu, baba mtu alishafariki zamani. Aliponiona aliinuka akanikumbatia, akasema, "Rafiki ya mtoto wangu amekuja." Mimi nilikuwa naangalia juu ya bega lake, kwenye kitanda, kulikotandazwa zile nguo.

Ilikuwa chai, maombi, halafu Mzee Barasa, ndugu ya baba yake Wafula, akaanza kugawa. Koti kwa binamu. Viatu kwa binamu mwingine. Fulana ya roboti ikachukuliwa na kijana asiyejua hata ni roboti wa nani. Ya pweza sikuiona. Ndipo nikagundua Mama Wafula amepakata karatasi ya nailoni, imefungwa fundo, ameifunika na leso.

"Shemeji, na hiyo," Mzee Barasa akamwambia kwa upole. "Mzazi hakai na nguo ya mtoto aliyekwenda. Machozi hayatakauka."

Mama aliikaza tu kifuani. Kupitia nailoni niliona rangi ya chungwa.

Na mimi, mgeni, ambaye hata maziko sikwenda, nikasimama! "Mzee, hiyo aliniahidi mimi. Alisema akifa niichukue."

Chumba kizima kikageuka. Na tena haikuwa uongo, ndiyo mbaya zaidi. Mzee Barasa akaniambia, "Kijana, wewe si wa kwetu, wacha nikueleze kwa Kiswahili. Kwetu sisi ukivaa nguo ya aliyekufa, umevaa na jina. Huyu mama akiita Wafula, wewe ndiye utaitika. Akikosa maji, wewe ndiye mtungi. Hatukulazimishi. Umekubali?"

"Nimekubali."

Nilijibu kabla hajafunga mdomo. Kwetu Waithaka nguo za marehemu hupelekwa kanisani au zinachomwa, mambo yanaishia hapo. Nilidhani ni maneno ya wazee, ya kupamba shughuli, kama yale ya harusini ambayo kila mtu huitikia na hakuna anayeyakumbuka. Lakini chumba hakikuwa na mtu mwingine aliyedhani hivyo. Binamu mmoja alinishika mkono akaniita "kaka." Bibi mmoja aliyekaa chini akatikisa kichwa na kufuta machozi.

Mama Wafula akanisogelea. Akanipa ile karatasi kwa mikono miwili. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayenong'onezana na mwanawe mbele ya wageni, "Hii usiitie maji. Mimi siruhusiwi kukaa nayo, basi wewe niwekee. Jumapili uwe unaniletea nainusa kidogo tu, halafu unarudi nayo. Sawa, Wafula?"

"Sawa, Mama."

Sawa! Sawa ya mtu ambaye masikio yake yako Marekani. Nilisikia maneno, haki ya Mungu niliyasikia, leo naweza kuyarudia yote bila kukosea. Lakini wakati ule macho yangu yalikuwa kwenye nailoni, yanatafuta miwani ya pweza. Mwanamke anayefua nguo za dunia nzima, nguo moja tu ndiyo aliyokataa kuifua, na akaniwekesha mimi.

Nilipofika nyumbani nikafungua fundo. Weh! Harufu iliyotoka humo ilinirudisha nyuma hatua. Ilikuwa jasho la homa, jasho zito la mgonjwa, limechanganyika na dawa za hospitali na moshi wa kuchomelea, halafu likafungiwa kwenye nailoni siku zote zile. Shingoni kulikuwa na utepe wa uchafu. Kwapani kumekauka chumvi. Nilitema mate nje ya mlango. Nilikunja uso kama niliyeona panya kwenye sufuria. Rafiki yangu nilikuwa namlia mandazi yake aliyokwisha kuuma, leo kwa sababu amekufa namtemea mate!

Nikachemsha maji. Nikamwaga sabuni ya unga, nikaongeza ile dawa ya madoa, nikaloweka, nikapiga brashi shingoni, nikapiga brashi kwapani, nikamwaga maji machafu kwenye mtaro. Yalikuwa ya kijivu. Niliyaangalia yakienda nikaridhika. Nikarudia maji ya pili, nikatia na ya kulainisha yenye harufu ya maua. Ilipokauka nikaipiga pasi, pweza akang'aa kama ametoka dukani leo.

Jumamosi niliivaa, nikaenda mjini nikapigwa picha, nikaingia saiba nikaiweka kule kwenye jukwaa. Mungu wangu, walivyonisifu! Watu wa nchi ambazo sijawahi kuziona kwenye ramani waliniandikia. Mmoja aliniita mfalme. Mwingine akauliza nimeitoa wapi. Ungedhani hapo ningemtaja Wafula, hata kwa mstari mmoja tu. Niliandika nimeichimbua mwenyewe mitumbani, kwenye fagia, kwa macho yangu makali.

Jumapili simu ikalia. Sauti ya mama, "Wafula, leo unakuja?"

Nywele zilinisimama. Kuitwa jina la maiti, jamani! Nilisikia kama mtu amenishika kisogo kwa mkono wa baridi. Nikasema, "Leo niko kazini, Mama." Jumapili! Ofisi gani hiyo inayofungua Jumapili? Akasema, "Sawa baba, Mungu akubariki." Wiki iliyofuata nikasema nina mafua. Iliyofuata nikaacha simu ilie mpaka ichoke. Nilikuwa nimeanza kumchukia. Ndiyo, nasema wazi. Niliona ananifuata kama deni, na huku nimeshapata nilichotaka.

Halafu siku moja alinipigia Mzee Barasa. Hakunigombeza. Alisema mama hali chakula vizuri, amekonda, kazi anafanya lakini haongei, na kila akiulizwa anataka nini anasema anataka kunusa mtoto wake. "Kesho uende," akasema. "Hata kama ni dakika tano. Wewe ndiye uliyeitika."

Kunusa mtoto wake. Hapo ndipo yale maneno yote ya siku ile yalipofunguka kichwani. Usiitie maji. Niwekee. Nainusa kidogo tu. Nikakimbia kabatini, nikaitoa fulana, nikazika uso ndani yake. Maua! Maua matupu, kama chumba cha wageni. Wafula nilikuwa nimemmwaga kwenye mtaro.

Sasa mtu mwenye utu angefanya nini? Angekwenda akaanguka miguuni akasema, Mama, nimekosa. Mimi nilikaa chini nikafikiri kama Wa Mahesabu. Nikajiambia, harufu ni kitu gani? Harufu ni vitu vilivyochanganywa. Vikichanganywa tena, itarudi.

Mnaona mtu alivyo mchafu?

Kesho yake asubuhi nilikwenda River Road na fulana kwenye begi. Nilipata fundi mwingine wa simu, nikamwomba anichomelee kitu chochote, nikashika ile fulana juu ya moshi. Akaniuliza, "Msee, uko sawa?" Nikamwambia ni dawa ya kienyeji ya kufukuza wadudu. Nikanunua kwa mchuuzi ile pafyumu kali ya bei rahisi aliyokuwa anajipulizia Wafula, nikapuliza shingoni. Nikasugua mafuta ya mandazi kidogo tumboni, maana pale ndipo alipokuwa anapangusia mikono. Nikainusa. Ilikaribia! Ilikosa kitu kimoja, jasho.

Basi nikarudi Waithaka, nikaivaa, nikaanza kukimbia. Jua la saa sita, mimi nazunguka shamba la nyumbani kama ng'ombe aliyekata kamba, natafuta jasho. Mama yangu mzazi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe kijana, umerukwa na akili?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza. Labda nilitaka mtu aniambie ni wazo zuri. Nilimaliza, nikaona amerudi nyuma, kama mtu anayempisha mbwa mwenye upele.

"Unataka kumpelekea mama wa watu jasho lako?" akasema. "Anuse, aseme ni mtoto wake?"

"Atatulia, Mum. Itamsaidia."

"Usinisogelee." Na mwiko ameunyoosha mbele, kweli, kati yangu na yeye. "Mimi nimezaa. Unajua mimi nimezaa? Nenda umwambie, Mama nilifua, nisamehe. Hayo ni maneno magumu?"

"Nitamwambia."

"Umwambie leo. Na chakula changu hutakula ukiwa na hiyo nguo."

Nilimwahidi. Nilikuwa nimeshakuwa fundi wa kuahidi. Njia nzima mpaka Uthiru nilikuwa nimeshika ile karatasi ya nailoni, ndani yake fulana imelowa mimi, nimeifunga fundo kama lile la kwanza. Nilikuwa najiambia nikifika tu naanza na samahani.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, mbele yake karai, anafua mashuka ya watu. Kweli alikuwa amekonda. Aliponiona aliinuka haraka mpaka maji yakamwagika.

"Wafula! Umekuja!"

"Nimekuja, Mama. Shikamoo."

Alifuta mikono kwenye leso, akaifuta tena, akaangalia viganja kama vimekauka kabisa. Hakutaka sabuni iguse. Akapokea ile karatasi kwa mikono miwili. Sasa ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Maneno yalikuwa hapa kooni. Nikayameza nikasema, "Nimekutunzia vizuri."

Akaingia nayo ndani akarudisha pazia. Mimi nikabaki chini ya mashuka ya watu. Nikasikia nailoni inafunguliwa pole pole. Halafu nikasikia kicheko. Mama huyu alicheka! Akasema, "Wafula! Wafula wewe, huu moshi wako!" Akasema maneno mengine kwa lugha yao, ya kubembeleza, kama mtu anayeongea na mtoto anayelala. Nami, laana yangu hii, nikapumua. Nikajiambia imeshika. Nikajisifu!

Kisha sauti ikakatika.

Nikasikia ananusa tena, mara moja, mara mbili. Jirani alipita na ndoo, akanisalimia, nikamwitikia huku naangalia pazia. Pazia likafunguka, Mama Wafula akatoka, ameshika ile fulana kwa vidole viwili, mbali na mwili. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umekunjwa puani tu, ile kukunjwa ya mtu aliyefungua kifuniko cha chakula akakuta kimeoza. Nilijua huo uso. Ndio niliofanya mimi siku nilipofungua fundo.

"Huyu si Wafula," akasema. "Huyu ni wewe."

"Mama..."

Akaniita jina langu. Lile langu, nililopewa na wazazi wangu Waithaka, ambalo tangu siku ya kugawa nguo hakuwahi kulitumia. Alilitaja polepole, kama anayelisoma mahali. Ndiyo maana mnaona silitaji hapa. Tangu siku hiyo nikiitwa hilo jina, nalisikia kwa mdomo wake.

"Uliifua?"

"Niliifua, Mama."

"Kwa maji ya moto?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, kama fundi aliyeambiwa kifaa kiliangukia wapi. Hakulia. Ningependa angelia, angenipiga na kigoda, angeita majirani! Alikaa tu, akaidumbukiza ile fulana kwenye karai pamoja na mashuka ya watu, akaanza kuifua. Aliifua vizuri. Akafikicha shingo, akafikicha kwapa, akaisuuza, akaikamua, akaikung'uta mara moja, akaitundika kwenye waya. Pweza akawa ananiangalia, maji yanamtoka kwenye miwani.

"Ikikauka uje uchukue nguo yako," akaniambia.

Ndivyo anavyowaambia wateja wake wote. Halafu akachukua shuka la mtu mwingine akaendelea na kazi, na mimi nikaondoka bila mtu kunisindikiza.

Jioni Mzee Barasa alipiga simu. Alisema maneno machache sana. "Lile jina tumelirudisha. Usiitike tena." Nikajaribu kujieleza, akaniambia kwa heshima kwamba ana wageni, akakata.

Kwenye lile jukwaa la mtandaoni nilirudi kutaka kuandika ukweli. Nikakuta wamenisifu tena, mtu anauliza kama nitaiuza. Nikakimbia choo cha saiba, nikatapika chai yote. Sijaingia tena. Zile fulana nyingine nimezirudisha kwa mama wa nguo wa Kangemi, nikaziacha juu ya fagia bila kusema neno. Aliniuliza, "Yule mwenzako mcheshi yuko wapi?" Nikamwambia ameenda kwao.

Mama yangu ananipikia, lakini ananiwekea sahani mezani badala ya kunipa mkononi. Labda ni mimi ninayeona hivyo. Sijamwuliza.

Na fulana sijaenda kuichukua. Nina rafiki anapanga ploti ile ile, aliniambia siku moja bila kujua, akicheka, eti kuna nguo ya ajabu pale kwenye waya, ina pweza, imeshapauka kwa jua, mvua inainyeshea, na mama mfuaji kila jioni anaanua nguo za watu zote anaiacha hiyo. Nilicheka naye. Ningefanya nini?

Wewe unayesoma, usinionee huruma, sikuja kuomba huruma. Nimekuja kukuonya. Ukiingia nyumba ya msiba, weka macho yako kwa watu, usiyaweke kwa vitu. Ukiulizwa "Umekubali?", nyamaza kwanza, uliza unakubali nini, kwa lugha unayoelewa, hata ukionekana mjinga. Na ukikabidhiwa nguo ya marehemu, hata iwe inanuka namna gani, hata uzibe pua, usikimbilie sabuni. Uliza kwanza kama kuna mtu anayeihitaji ikiwa chafu.